Maswali ya Wasomaji: Mjusi wa Buluu wa Kimboza

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa Matombo, Mkoa wa Morogoro. Miaka ya nyuma wanunuzi waliwalipa vijana wa huku ili wawakamatie mijusi wa buluu katika msitu wa Kimboza, na sasa tunaambiwa kuwa jambo hilo ni kosa kubwa. Mijusi hao nimewaona kwa macho yangu, na si wachache. Imekuwaje wasemwe kuwa wako hatarini kutoweka?

JIBU: Ndugu yetu wa Matombo, ulichokiona ni kweli. Mtu akitulia kidogo chini ya mkadi uliostawi, huenda akamwona dume mwenye buluu ya kung'aa, koo lenye michirizi myeusi na tumbo la rangi ya chungwa, na karibu naye jike au majike ya kijani na hudhurungi, kila mmoja akiwa na urefu usiozidi kidole cha mkono. Tatizo ni ufinyu wa makao yao. Msitu wa Kimboza una takribani kilomita 4 tu za mraba, na ukiuacha huo, pamoja na msitu wa Ruvu na vipande vichache vya jirani chini ya Milima ya Uluguru upande wa mashariki, mjusi huyu, ambaye wataalamu humwita Lygodactylus williamsi, hapatikani porini mahali pengine popote duniani.

Hata humo msituni haishi kila mahali. Maisha yake yote yamefungamana na aina moja ya mkadi, Pandanus rabaiensis, wenye majani marefu ya miiba yaliyopangana kwa mzunguko. Katikati ya majani hayo hukusanyika maji anayoyanywa na wadudu anaowala, na humo humo hujificha anapowindwa na hutaga mayai yake. Kwa hiyo mkadi mmoja ukianguka, familia nzima ya mijusi imepoteza makao.

Hapa ndipo ukamataji ulipoleta hasara kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa kuwa mijusi hukimbilia juu kwenye majani, wakamataji wengi waliona njia rahisi ni kuukata mti wenyewe. Watafiti walikadiria kwamba kundi moja tu la wakamataji liliwatoa msituni mijusi kati ya 32,310 na 42,610 kuanzia Desemba 2004 hadi Julai 2009, yaani takribani asilimia 15 ya wote waliokuwapo. Mijusi waliobaki wanaweza kuzaliana, lakini mkadi uliokatwa hauoti ukakomaa kwa msimu mmoja. Ongeza moto unaoingia msituni wakati wa kiangazi, ukataji wa miti mingine, na sedrela, mti wa kigeni unaoenea na kuchukua nafasi ya miti ya asili, nawe utaona kwa nini mwaka 2012 mjusi huyu aliwekwa katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kwa maoni yangu, lawama iliyo nzito iwaangukie wanunuzi wa nchi za mbali kabla ya vijana waliopewa malipo madogo. Tanzania haikuwahi kutoa kibali cha kumsafirisha mjusi huyu nje, na shehena nyingi ziliondoka kwa kuandikiwa majina ya mijusi wengine wa kawaida.

SWALI: Ninaishi Ujerumani, na hapa mijusi hawa huuzwa kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Je, ninaruhusiwa kumnunua?

JIBU: Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, uliofanyika Johannesburg, nchi wanachama zilikubali pendekezo la Tanzania na Umoja wa Ulaya la kumwingiza mjusi huyu katika Kiambatisho cha I, orodha ya mkataba huo yenye ulinzi mkali kuliko zote, na uamuzi huo ulianza kutumika Januari 2017. Maana yake ni kwamba biashara ya kimataifa ya mijusi waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Waliozaliwa kwa wafugaji wanaweza kuuzwa huko uliko iwapo muuzaji ana cheti rasmi kinachothibitisha asili yao. Asiye nacho, usimpe fedha yako.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kibaha. Kwa nini mijusi hao wasihamishiwe kwenye minazi au katika misitu mingine, wakaishi salama?

JIBU: Mwalimu, wazo lako lina nia njema, lakini mnazi hauwapi hifadhi waliyoizoea katika mkadi, na katika misitu mingine wangekuta mijusi wa jamii yao wenye makao yao tayari. Jitihada zielekezwe Kimboza kwenyewe: kuzuia moto kabla ya kiangazi, kuipunguza sedrela hatua kwa hatua, na kupanda miche ya mkadi mahali ilipokatwa, wanakijiji wa jirani wakilipwa kwa kazi hiyo kama walivyolipwa zamani kwa kukamata.