Maswali ya wasomaji: vita na Ukomunisti sebuleni

Wiki hii maswali yote ni ya runinga ya Marekani enzi za Vita Baridi.

Kipindi cha M*A*S*H kilihusu vita vya Vietnam?

Hapana. Ni hospitali ya jeshi la Marekani huko Korea, vita vya 1950 hadi 1953. Swali hili naletewa kila mara na watu ambao hawajakitazama. Tazameni kwanza.

Mbona wengi wanasema kiliisema Vietnam kwa mafumbo?

Hao wamekitazama. Kilianza 1972, wanajeshi wa Marekani wakiwa bado Vietnam. Kituo chake cha runinga, CBS, kilitaka kiwekewe vicheko vya kurekodi. Watengenezaji wakakubali shingo upande, ila chumba cha upasuaji wakakikatalia katakata. Humo hapachekwi. Tafuta sehemu ya Machi 1975: Luteni Kanali Henry Blake, mkuu wa hospitali, ameshaagwa, yuko safarini kurudi kwao. Karani wake, Radar, anaingia kwenye upasuaji bila barakoa, anafokewa aivae, haivai. Anasoma karatasi: ndege ya Blake imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyenusurika. Madaktari wanaendelea kushona, majeruhi hawangoji msiba. Mwezi uliofuata, katika vita vya kweli, Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ikaanguka.

Nakipenda, lakini nina lawama nacho. Miaka 11, sehemu 251, na mwenye nchi Mkorea ni mpita njia: yatima, mkulima, kibarua. Ukimlilia daktari wa Marekani peke yake, bado hujaijua vita ile iliua nani.

Nani aliwatia Wamarekani hofu ya Ukomunisti, serikali au runinga?

Walishikana mikono. Kipindi cha I Led 3 Lives, 1953 hadi 1956, sehemu 117, kilitokana na maisha ya Herbert Philbrick, ambaye kweli alikuwa mtoa habari wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ndani ya Chama cha Kikomunisti. Basi kwa kuwa mzizi ulikuwa wa kweli, matawi yote yakapokewa hivyo hivyo, hata ile sehemu ambayo Wakomunisti wanapanga kugeuza mashine za kusafishia zulia ziwe za kurushia makombora! Nawaonya na leo: kipindi kikijitangaza ni "kisa cha kweli", hapo ndipo ufungue macho.

Na wa kupinga walishazibwa mdomo. Juni 1950 kijitabu Red Channels kilitaja watu 151 wa redio, runinga na sanaa kuwa wana uhusiano na Wakomunisti. Mwigizaji Jean Muir alikuwemo. Simu na barua chache tu zilitosha kumwondoa kwenye kipindi chake mwaka huohuo. Mwandishi mwenye watoto wa kulisha angeandika nini baada ya hapo?

Jeshi lilikuwa likilipia vipindi?

Vingine lilitengeneza lenyewe, kama The Big Picture. Mara nyingi zaidi liliazima vifaru na ndege kwa sharti la kuusoma muswada wa kipindi kwanza. Sharti hilo lipo mpaka leo.

Kipindi kimoja kinaweza kumgusa rais?

The Day After, hadithi ya kubuni ya vita vya nyuklia, kilimgusa Rais Reagan. Alikitazama kabla hakijarushwa, akaandika katika shajara yake kwamba kimemhuzunisha sana. Tarehe 20 Novemba 1983 watu wapatao milioni 100 wakaona mji wa Lawrence, Kansas, baada ya mabomu ya nyuklia. Tangu mabomu yalipoanguka mpaka mwisho, kituo cha ABC hakikuweka tangazo la biashara hata moja.