Makundi yanakwenda pamoja, mbona r ya jumla iko chini?

Umeuliza kwa nini mtandao wako wa matabaka mawili, kila moja lenye oskileta 100 za Kuramoto (vitu vinavyozunguka na kuvutana ili viende pamoja), umeganda kwenye r (kipimo cha jinsi oskileta zote zinavyokwenda pamoja, kutoka 0 hadi 1) ya 0.2 ilhali grafu inaonyesha makundi manne yakienda pamoja.

Tatizo la kwanza ni kipimo. Makundi mawili yaliyopishana nusu mzunguko hufutana kwenye r ya jumla, hata kama ndani kila moja lina 0.98. Hesabu r ya kila kundi peke yake, tabaka kwa tabaka. Ila hata kundi la oskileta 25 zisizohusiana kabisa hutoa karibu 0.2 kwa bahati tu (1/√25), kwa hiyo thamani ndogo kama hizo usizihesabu. Mwanzo wa data, kabla mfumo haujatulia, utupe.

Kisha kagua viungo vya kati ya matabaka. Wengi hukwama hapa. Kundi hufungamana kikamilifu pale oskileta zake zikiwa na masafa asilia (kasi ya kuzunguka ya kila moja ikiwa peke yake) sawa, na kila nodi, yaani kila oskileta, ikipokea jumla ile ile ya uzito kutoka kila kundi, kwa kila aina ya kiungo. Nodi moja ikizidishiwa kiungo kimoja tu kwenda tabaka la pili, fezi yake (mahali ilipo kwenye mzunguko) inaachana na wenzake na kundi linavunjika. Jumlisha safu za matriki (jedwali la uzito wa viungo) moja moja. Mchoro utakudanganya.

Kama masafa yako yanatofautiana kwa mgawanyo wa Gauss wenye mkengeuko sanifu 1, mfungamano kamili usiutarajie. Na hata ule wa sehemu, kwenye mtandao uliounganishwa wote kwa wote kwa uzito K/N (K ni nguvu ya muunganisho, N ni idadi ya oskileta), huanza K ikifika takriban 1.6.