Paka wangu wana miezi mitatu: niwafunge kizazi lini?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina paka wawili wa tumbo moja, jike na dume, niliowaokota sokoni wakiwa wachanga. Nakisia sasa wana miezi mitatu. Sitaki wazae, nyumba yenyewe ndogo. Daktari wa mifugo wa huku ameniambia nisubiri wafike miezi sita. Jirani yangu anasema jike aachwe azae walau mara moja kwanza, ndiyo afya yake. Tena nimeambiwa dume akihasiwa mdogo njia ya mkojo haikui, itaziba. Nimsikilize nani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada, miezi sita usiisubiri. Panga wafanyiwe wakitimiza miezi minne, na mitano isipite. Ungekuwa na jike peke yake, ndani ya nyumba isiyoingiliwa na madume, ningekuwa mpole kidogo. Lakini wewe unaishi na jike na dume pamoja, na paka hawana habari ya udugu.

Hiyo miezi sita hakuitunga daktari wako. Ndivyo tulivyofundishwa wengi, tangu enzi ambazo kumlaza mnyama mdogo kwa nusu kaputi kulikuwa kucheza na roho yake. Dawa zimebadilika, mazoea yakabaki. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa paka nchini Marekani lilipendekeza paka wafungwe kizazi kabla ya kufika miezi mitano, na mwaka uliofuata chama cha madaktari wa wanyama cha huko kikaunga mkono. Uingereza wanapendekeza miezi minne. Kwenye vituo vya kulelea paka waliotupwa wanaanza hata na wa wiki nane, mradi amefika kilo moja.

Sisi wa huku tuna sababu yetu ya ziada ya kuwahi. Paka jike huingia kwenye joto, yaani hali ya kutaka dume, kwa kufuata urefu wa mchana. Ulaya, mchana ukifupika wakati wa baridi wengi wao hutulia, na aliyezaliwa mwishoni mwa kiangazi huenda asipate joto mpaka siku zianze kurefuka tena. Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Mchana ni takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, hivyo paka wetu hawana msimu wa mapumziko. Jike anaweza kupata joto la kwanza akiwa na miezi minne, ingawa wengi ni kuanzia mitano. Mimba ni wiki tisa. Piga hesabu mwenyewe: akipandwa ana miezi mitano, anazaa akiwa na saba, mwili wake bado unakua, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha.

Joto lenyewe huwachanganya watu. Napigiwa simu usiku kwamba paka amepooza kiuno, anajiburuta na kulia. Nikiuliza kama ukimpapasa mgongo anainua makalio na kusogeza mkia pembeni, jibu ni ndiyo. Huyo haumwi. Upasuaji wakati huo unawezekana, ila mishipa ya kizazi imejaa damu na kazi inakuwa ngumu zaidi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutangulia.

Sasa jirani. Kuzaa mara moja hakumwongezei paka afya, na kunamnyima kinga. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kuwa majike waliofungwa kabla ya miezi sita hatari yao ya saratani ya matiti ilikuwa pungufu kwa asilimia 91, na waliofungwa kabla ya mwaka mmoja, asilimia 86. Baada ya miaka miwili faida hiyo haikuonekana tena. Uvimbe wa matiti kwa paka mara nyingi sana ni ule mbaya unaosambaa, na wengi huletwa kwetu ukiwa umeshafika mbali. Humwambii jirani haya yote, lakini wewe yajue.

Habari ya mkojo wa dume imeshapimwa. Walilinganishwa waliohasiwa wakiwa na wiki saba, waliohasiwa wakiwa na miezi saba, na ambao hawakuhasiwa kabisa. Upana wa njia ya mkojo haukutofautiana. Kinachoziba ni chembechembe na ute, na wanaopata zaidi ni madume wanene, wasiokunywa maji ya kutosha, wanaoshinda ndani. Kudumaa pia hakuna. Mifupa yao hurefuka kidogo zaidi kwa sababu ncha zake huchelewa kufunga.

Umesema unakisia umri, na hapo ndipo wengi hupitwa. Acha kukisia, tazama meno. Mkalishe mapajani akiwa amesinzia, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Yale meno madogo ya mbele, sita juu na sita chini, yakiwa bado membamba kama ncha za sindano, hajafika miezi minne. Karibu na miezi minne, yale ya katikati hung'oka na mengine mapana zaidi kuchukua nafasi. Chonge za kudumu huja kwenye miezi mitano, na kuna siku chache utaona chonge mbili pamoja, ya zamani na mpya, ubavu kwa ubavu. Ukiziona hizo, pata miadi wiki hiyohiyo na watenganishe vyumba.

Kisha wapime. Mtie kwenye kikapu chenye kifuniko, duka lolote la nafaka lina mizani, halafu toa uzito wa kikapu. Paka anayekua vizuri anakaribia kilo moja kwa miezi miwili na kilo mbili kwa minne, ila wa kuokota mara nyingi wako chini ya hapo. Mimi kwenye kliniki isiyo na vifaa vingi napendelea wafike kilo moja na nusu. Kilichonisimamisha mara nyingi si uzito bali fizi nyeupe. Viroboto na minyoo ya pwani hii wanakausha damu ya mtoto wa paka kimyakimya. Fizi zikiwa zimepauka, atibiwe kwanza, upasuaji usogezwe wiki mbili tatu. Kwa kuwa wana miezi mitatu, dawa ya minyoo na chanjo, ya kichaa cha mbwa ikiwemo, wapatiwe sasa.

Muulize daktari wako mambo mawili. La kwanza, kabla ya upasuaji ashinde njaa kwa saa ngapi? Mkubwa anaweza kulala bila kula. Mdogo hivi sukari yake hushuka haraka, saa mbili hadi nne zinatosha. Ukiambiwa asile tangu jioni na zamu yake ni adhuhuri, uliza tena. La pili, watampa joto kwa njia gani akiwa mezani? Chupa za maji ya uvuguvugu zilizofungwa kwenye taulo zinafaa kabisa. Sakafu ya sementi haifai. Na akikujibu kwa uwazi kuwa yeye kazi yake ni ng'ombe na mbuzi, na paka wa kilo moja na nusu anamtia wasiwasi, mshukuru, tafuta mwingine hata kama ni nauli ya kwenda mjini. Akikosekana, bora uwatenganishe mpaka miezi mitano kuliko kumlazimisha.

Usikubali njia ya mkato ya kumchoma jike sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu. Inaonekana rahisi, lakini homoni hiyo huvimbisha matiti na huleta usaha kwenye kizazi. Baadaye unalipia upasuaji uleule, mgonjwa akiwa hoi.

Fanya wote siku moja ukiweza. Ukianza na dume peke yake, kumbuka mbegu zilizosalia njiani zinaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa. Dume kwa kawaida hashonwi na kesho yake anaruka. Jike mzuie kupanda makabati kwa siku kumi hivi, na asilambe mshono. Wakipona wapunguzie chakula kama robo, kwani mwili wao utahitaji kidogo kuliko mwanzo huku hamu ikiongezeka.

Dawa ya maumivu muulize daktari wako, paka waondoke nayo siku hiyohiyo. Usiku ukimsikia analia, usimpe Panadol, hata kipande. Ini la paka haliwezi kuichakata; inaharibu damu yake na inaua.