Swali la lugha: "Amejiuzulu", na bado yuko kitini?

Swali: Nimekuwa nikisoma habari za miaka michache iliyopita kuhusu siasa za Uingereza. Za tarehe 7 Julai 2022 zinasema Boris Johnson "amejiuzulu", lakini za Agosti bado zinamwita Waziri Mkuu. Mtu akishajiuzulu anakaaje kitini miezi miwili? Na Liz Truss aliyemfuata, alijiuzulu au aling'olewa? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Kitenzi hakina kosa. Kosa limo katika *-me-*.

Ukisema mgeni ameondoka, na mgeni mwenyewe bado yuko mkekani anangoja kahawa, watu watakushangaa. *-Me-* haisemi tu kwamba tendo limetendeka, inasema pia kwamba matokeo yake yapo sasa hivi. Amelala, basi yuko usingizini. Amevaa kanzu, basi kanzu i mwilini. Vivyo hivyo, *amejiuzulu* humwambia msomaji kwamba kiti ki wazi.

Siku ile kiti hakikuwa wazi. Johnson alisimama nje ya ofisi yake ya Downing Street, akasema chama chake cha Conservative kianze kutafuta kiongozi mpya, naye angebaki mpaka huyo apatikane. Uwaziri mkuu aliuacha tarehe 6 Septemba, alipokwenda kwa Malkia Elizabeth kule Balmoral, Scotland. Siku hiyohiyo, mahali hapohapo, Truss akateuliwa.

Najua inakotoka. Vichwa vya habari vya Kiingereza huandika tendo kwa wakati uliopo hata kama litatimia baadaye, na mfasiri aliyebanwa na muda huona *-me-* ndiyo iliyo karibu. Wahariri wengine hukimbilia "ametangaza kujiuzulu". Ni afadhali, ila bado hainiridhishi, kwa sababu *kujiuzulu* hapo hakuna wakati ndani yake: ameshatoka, au atatoka? Mimi ningeandika *ametangaza kuwa atajiuzulu*. Ni neno moja la ziada, na linamwokoa msomaji kama wewe.

Linganisha na tarehe 5 Julai. Rishi Sunak, Waziri wa Fedha, na Sajid Javid wa Afya waliandika barua na kuondoka jioni ileile, na baada yao mawaziri na wasaidizi zaidi ya 50 wakafuata. Hao *wamejiuzulu* hasa. Kesho yake Johnson akamfukuza Michael Gove. Huyo hakujiuzulu, *aliuzuliwa*.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. *Uzulu*, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kumwondoa mtu katika cheo, na *jiuzulu* ni kujiondoa mwenyewe. Siku hizi tunasema "amefutwa kazi" au "ametimuliwa", na *uzulu* limeachwa kwenye kamusi. Ni hasara, maana pacha wake amebaki peke yake na watu hawaoni tena ile *ji-* inafanya kazi gani. Wengine huandika hata "kujiuzuru". Wakikumbuka *aliuzuliwa*, hawatakosea herufi wala maana.

Sasa Truss. Ile *ji-* inaeleza nani aliyetamka neno la kuondoka. Nani alimsukuma, haielezi. Bajeti ya Septemba 23 ilitikisa masoko ya fedha, Oktoba 14 akamuuzulu Waziri wake wa Fedha, Kwasi Kwarteng, na siku hiyohiyo gazeti la Daily Star likaweka letusi mbele ya kamera kuona kipi kitanyauka mwanzo, mboga au serikali. Oktoba 20 Truss akatangaza kwamba ataondoka, letusi ikiwa bado haijaoza. Kisarufi alijiuzulu. Ukitaka kuonyesha msukumo, andika *alilazimika kujiuzulu*, au *alijiuzulu kwa shinikizo la wabunge wa chama chake*. "Aling'olewa" ni lugha ya hisia, inafaa safu ya maoni kuliko habari. "Ameachia ngazi" ni msemo mzuri wa magazeti yetu, ila nao hauelezi sababu.

Neno ambalo nisingelitumia kwa yeyote kati yao ni *kung'atuka*. Mwalimu Nyerere alilitoa katika Kizanaki, na alipoacha urais mwaka 1985 likapata maana ya kuondoka kwa hiari ukiwa bado ungeweza kubaki. Johnson na Truss hawakuwa na nafasi ya kubaki.

La mwisho, ambalo hukuliuliza lakini limo katika sentensi ulizonitumia: si "amejiuzulu kutoka katika nafasi ya Waziri Mkuu". Kitenzi kinajitosheleza. *Amejiuzulu uwaziri mkuu.*