Maswali na Majibu: Acheni Giza la Kuazima

Barua za wanaoandika nyimbo za metali hapa Goma, muziki ule wa gitaa nzito na sauti ya kunguruma, zimejaa tena. Naanza na ile inayonichosha.

"Niandike kwa Kiingereza ili nisikike Ulaya?" (msomaji wa mtaa wa Himbi)
Hapana. Nimejibu hili mpaka basi. Bendi ya metali ya Black Sabbath waliimba lugha ya mitaa yao ya Birmingham. Wewe mtaa wako unaongea nini?

"Maneno ya Kiswahili ni marefu, hayaingii kwenye batri (ngoma) ya kasi." (Ndosho)
Hili sasa ni swali. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: katika "umetuacha", uzito uko kwenye ile "a" kabla ya "cha". Hapo ndipo pigo zito lianguke. Wengi wenu mnatunga rifu, kile kipande cha gitaa kinachojirudia, kwanza, kisha mnalazimisha kitenzi kizima kipite palipobaki nafasi ya silabi mbili, halafu mnalaumu lugha. Punguzeni kasi. Na mchague maneno yanayoishia kwa "a" au "o", maana koo hufunguka na mngurumo unavutika. "I" zikifuatana, unabaki na mlio wa panya.

"Nimepoteza imani. Je, lazima nimwimbe Shetani?" (Majengo)
Nani kakulazimisha? Nchini Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuna vijana wa muziki huu waliochoma makanisa ya mbao. Lile la Fantoft, Bergen, liliteketea Juni 1992. Ni uhalifu, na hata hasira yake haikuenei. Hapa Goma watu wakihama, parokia ndiyo inayowafungulia darasa walale. Ukiliimbia kanisa hilo chuki ya Bergen, bibi yako atajua unadanganya.

Soma Ayubu sura ya 3, anavyoilaani siku aliyozaliwa. Soma Zaburi ya 88: nyingi za malalamiko hugeukia sifa mwishoni, hii inaishia gizani. Shetani hatajwi hata mstari mmoja. Kinachouma ni kwamba mlalamikaji bado anasema na "wewe", na "wewe" hajibu. Aliyepoteza imani hapa kwetu bado anajua sauti yake katika kwaya, bado akisalimiwa "Bwana asifiwe" mdomo unaitika "Amina" wenyewe. Andika huo mdomo. Kiitikio cha "hakuna Mungu, hakuna Mungu" ni bango, dada yangu.

"Nimetunga wimbo juu ya volkano yetu, Nyiragongo. Unaonaje?" (Virunga)
Wewe na mji mzima. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mei 2021 ilisimama ukingoni, upande wa Buhene. Moto unaonekana, watu wanakimbia, wimbo unajiandika wenyewe na unafanana na mingine yote. Mbona hamuandiki mazuku? Gesi nzito kuliko hewa, imetulia shimoni bila rangi, na mbuzi au mtoto, ambaye pua yake iko karibu na ardhi, ndiye anayetangulia. Mtu mzima anasimama palepale akipumua. Nitumie hiyo.

"Naweza kumtaja kwa jina jirani aliyeuawa?" (Katindo)
Mama yake akikubali. Asipokubali, hapana, hata kama ubeti ni mtamu. Na wenye bunduki msiwataje kwa majina. Mnarekodi nyumbani kwa watu, na nyumba ina watoto.

"Tangu nianze kuandika haya silali, nawaza kujimaliza." (hakutaja mtaa)
Weka kalamu chini. Leo hii, usingoje kesho, mwambie mtu anayekufahamu, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia, akusindikize kituo cha afya. Usilale peke yako. Wimbo utangoja.

"Koo linawaka nikinguruma."
Unasukuma kwa koo badala ya pumzi ya tumbo. Nyamaza siku kadhaa, kunywa maji, kisha anza upya kwa sauti ndogo. Ukitema damu ni daktari, si tangawizi.