Faida ya asilimia 100 kwa mwaka

SWALI: Kijana wa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, hufanya biashara ya fedha za kigeni kwa simu, na amenionyesha kuwa mwaka jana alipata faida ya asilimia 100. Anataka nimkabidhi shilingi milioni 5 nilizopata kwa machungwa ya Muheza. Je, nimwamini?

JIBU: Mwaka mmoja wa namna hiyo unawezekana, hasa kwa anayetumia fedha za kukopa kwa dalali, lakini mkopo huohuo unaweza kumaliza mtaji wote kwa siku moja. Kudumu ndiko kusikoaminika: milioni 5 zikiongezeka maradufu kila mwaka, baada ya miaka 10 zingepita bilioni 5. Hisa za Berkshire Hathaway, kampuni ya Marekani iliyoongozwa na Warren Buffett, zilikua kwa wastani wa takribani asilimia 20 kwa mwaka kati ya 1965 na 2024, na miaka mingine zilishuka. Picha ya simu si ushahidi, kwani hata akaunti ya majaribio huonyesha tarakimu za kuvutia. Mwombe taarifa kamili za miaka kadhaa, hasara zikiwemo, pamoja na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Asipokuwa nayo, ndugu yangu, nakusihi usimpe hata shilingi moja.