Kivuli cha joho la buluu hakihitaji rangi nyeusi

SWALI: Ninajifunza kuchora kwa rangi za mafuta kwa kunakili picha ya Raphael iliyoko Vienna, inayomwonyesha Bikira Maria pamoja na Yesu na Yohane Mbatizaji wakiwa watoto. Joho la buluu limenishinda. Vivuli nimevitia nyeusi na penye mwanga nimeongeza nyeupe, lakini vivuli vimekuwa kama masizi na mwanga umepauka. Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa liko kwenye hiyo nyeusi, na kwa kiasi fulani kwenye nyeupe. Raphael alichora picha hii mnamo 1505 au 1506, wakati ambapo wachoraji wa Italia walizoea kuiacha rangi ya vazi ikolee yenyewe kivulini, kisha wakaipunguza kwa nyeupe kidogo kidogo kuelekea kwenye mwanga. Ultramarini, yaani rangi ya buluu ya joho hilo, ambayo enzi hizo ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, hupitisha mwanga ikichanganywa na mafuta. Ikipakwa safi na nzito huwa na giza la kutosha, ilhali nyeusi huuzima ule uangavu unaoifanya ionekane kuwa buluu.

Jizoeze kwanza kwa mkunjo mmoja tu, kwa mfano ule wa gotini. Jenga umbo lake kwa kijivu cha nyeupe na kahawia ya udongo, rangi ikiwa nyembamba na yenye tapentaini (kimiminika cha kuzimulia rangi), na mwanga uwe mweupe kuliko unavyoona kwenye picha yenyewe. Kijivu kikikauka, pitisha juu yake ultramarini safi iliyoongezewa mafuta ya kitani kidogo, kisha ifute taratibu kwa kitambaa penye mwanga na uiache ijikusanye ndani ya mkunjo. Hapo ndipo utakapoona kina kikitokea, na kwa maoni yangu hakuna zoezi linalofundisha zaidi ya hilo.

Kuhusu nyeupe, kumbuka kwamba Raphael alitumia nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo haifichi sana kilicho chini yake. Nyeupe ya titani ni ya karne ya 20 na hufunika kwa nguvu, kwa hiyo itumie kwa uchache.

Usiharakishe tabaka la pili. Mafuta ya kitani hukauka kwa kufyonza oksijeni, hayayeyuki hewani kama maji, na tabaka la juu lazima liwe na mafuta mengi kuliko la chini, vinginevyo rangi itapasuka. Ikiwa vivuli vyako vyeusi bado vibichi, vikwangue kwa kisu cha rangi. Ikiwa vimekauka, vifunike kwa kile kijivu, safari hii kikiwa na mafuta kidogo badala ya tapentaini.